Ngoma, Sindano na Vinyago Baada ya Tsunami: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya msomaji aliyesikia kwamba baada ya tsunami ya 2011 watu wa pwani ya Japani walirudia ngoma zao za jadi kabla hata vifusi havijakwisha kuzolewa, akabaki anashangaa. Mengi yanahusu Tohoku, yaani kaskazini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Honshu. Kobe na Noto, sehemu nyingine za Japani zilizopigwa na matetemeko, zimo pia.

Kwanza nikumbushe: nini kilitokea 2011?

Tarehe 11 Machi, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa sakafu ya bahari mbele ya Tohoku. Tsunami iliyofuata iliipiga mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima. Waliothibitishwa kufa ni karibu 15,900, na zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi nao ukaharibika, na vijiji vizima vikahamishwa. Kwa jumla watu wapatao 470,000 waliyakimbia makazi yao, wengi wakilala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule.

Pwani hii ina jambo moja ambalo habari za televisheni hazikulisema sana. Ni nchi ya ngoma. Kitongoji kimoja kina ngoma ya simba, cha pili kina ya chui milia, ng'ambo ya mlima wanacheza ya paa, na kila kimoja kinaona yake ndiyo yenyewe. Maji yalichukua wachezaji, ngoma, mavazi, vinyago na ghala vilimotunzwa.

Aliyepoteza mke na nyumba anahitaji mchele na blanketi. Ngoma ya nini?

Mchele na blanketi vinatangulia, wala hakuna aliyebisha hilo. Ila swali lenyewe limekwishaamua kwamba ngoma ni burudani, na hapo ndipo linapopotoka. Nyingi kati ya hizi ni kazi ya msiba, kama ilivyo hitma kwetu.

Chukua Jangara ya mji wa Iwaki, mkoani Fukushima. Kila mwaka tarehe 13 hadi 15 Agosti, siku za Obon ambapo roho za wafu huaminika kurudi nyumbani, vijana wa mtaa hupita kwenye nyumba zilizofiwa tangu Obon iliyopita. Anatangulia mwenye taa. Nyuma yake wanakuja wapiga ngoma, kila mmoja na ngoma yake kiunoni, na wenye patu za shaba ambazo mlio wake mkali ndio ulioipa ngoma hii jina. Wanasimama uani, wanapiga, wanazunguka huku wakilitaja jina la Buddha kwa wimbo, na wenye nyumba wanatazama kutoka barazani. Wakimaliza wanakaribishwa kinywaji, kisha wanakwenda nyumba inayofuata. Agosti 2011 nyumba za kupitia zilikuwa nyingi kupita kawaida. Sasa mwambie mama aliyempoteza mwanawe mwezi Machi kwamba mwaka huu vijana hawatapita kwake, kwa kuwa ngoma ni anasa wakati wa shida.

Iko pia shishi-odori, ngoma ya paa. Kikundi cha Mitobe, katika mji wa Minamisanriku, kina jiwe la kumbukumbu la karne ya 18 lenye maandishi yanayosema ngoma huchezwa kwa ajili ya kuwaombea viumbe wote. Tsunami ilisomba vifaa vyao; baadhi viliokotwa kwenye vifusi, vikasafishwa, vikarudi kazini.

Ngoma ya chui milia ya Kamaishi na Otsuchi ina sababu nyingine. Wajapani husema mnyama huyo huenda safari ya maili elfu na kurudi maili elfu, ndiyo maana wavuvi wakamfanya ishara ya kurudi salama kutoka baharini. Mji wa wavuvi uliopigwa na bahari ukiamua kuicheza ngoma hiyo tena, hauhitaji kuandikiwa hotuba.

Je, haikuonekana utovu wa adabu kucheza wakati nchi inalia?

Ilionekana hivyo, na mabishano yalikuwa makali. Machi na Aprili 2011 Japani nzima iliingia kwenye hali ya kujizuia: sherehe zikafutwa, sherehe kubwa ya Sanja ya Tokyo ikiwemo, na hata kukaa chini ya miti ya cheri kutazama maua kukaonekana ni kukosa huruma. Aliyevunja ukimya huo alitoka kwa waathirika wenyewe. Watengenezaji wa sake, pombe ya mchele ya Kijapani, wa Iwate walijirekodi video na kuiweka mtandaoni, wakiwaomba Wajapani wakae chini ya maua na wanywe sake ya Tohoku, kwa sababu kujizuia kwao kulikuwa kunawaua kibiashara mara ya pili.

Nionavyo, kosa la wale waliofuta sherehe lilikuwa kuamua kwa niaba ya wafiwa. Wapo waliotaka kimya, wapo waliotaka ngoma, na wengi walitaka kimya leo na ngoma mwezi ujao. Uamuzi huo ni wa mwenye msiba.

Desturi hii ya kupeleka muziki kwa manusura ilianza 2011?

Hapana. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu 6,434, ndilo lililofundisha mengi. Soul Flower Union walikuwa bendi ya roki, na mitaa iliyobomoka haikuwa na umeme wa magitaa yao. Wakaunda kikundi cha pembeni, Soul Flower Mononoke Summit, wakashika sanshin, kinanda cha nyuzi tatu cha Okinawa, ngoma ya Kikorea na ngoma za chindon, zile za wapiga matangazo wa mitaani wa zamani, na kuanzia Februari wakaingia kambini. Nyimbo zao wenyewe waliziacha. Waliokuwa mbele yao ni wazee, kwa hiyo waliimba nyimbo za kale ambazo wazee wanazijua mwanzo hadi mwisho, wakiwemo Wakorea wa wilaya ya Nagata waliosikia pia nyimbo za kwao. Wazee waliimba pamoja nao, na hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Kobe ilifundisha jambo la pili, chungu. Nyumba za muda ziligawiwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo majirani wa miaka arobaini walitawanyika, na kila mtu akajikuta nyuma ya ukuta mwembamba karibu na mtu asiyemfahamu. Zaidi ya watu 200 walifia peke yao katika nyumba hizo, wengine wakikutwa baada ya siku nyingi. Tangu hapo kila anayepanga tamasha dogo, chai au somo la kushona kwenye makazi ya muda anajua shabaha ya kwanza ni kumtoa mtu nje ya mlango. Ubora wa muziki unafuata baadaye.

Vifaa vilisombwa. Walichezaje bila vinyago wala ngoma?

Wengine hawakucheza mpaka vilipopatikana. Ogatsu, katika mji wa Ishinomaki, ina kagura, mchezo wa kale wa vinyago mbele ya miungu, ambao serikali imeutambua kama urithi muhimu wa taifa. Karibu kila kinyago na vazi vilipotea. Kinyago cha kagura hakinunuliwi dukani. Kinachongwa na fundi anayejua sura ya mungu huyo ilivyo katika kijiji hicho, si kijiji cha jirani. Watu walitafuta picha za zamani na video za harusi na sherehe ili fundi apate cha kutazama.

Fedha zilitoka wapi? Baraza la makampuni yanayofadhili sanaa nchini Japani lilianzisha mfuko uitwao GBFund mwezi huohuo wa Machi 2011, na Nippon Foundation nayo ikagharimia ngoma, vinyago na magari ya sherehe ya vikundi vya pwani. Msaada wa namna hii haupigiwi picha nzuri. Ngozi ya ngoma, kamba, hariri ya vazi, gharama ya fundi: orodha yenyewe inachosha kuisoma. Lakini ukiniuliza shilingi yako ifanye nini, nitakuambia inunue hicho, usiitumie kumlipia nyota nauli ya kwenda kuimba nyimbo tatu na kurudi.

Wengine walicheza na kilichobaki. Kitongoji cha Kesen, mjini Rikuzentakata, kina Kenka Tanabata, sherehe ya magari makubwa ya mbao yanayofungwa kwa mimea itambaayo ya msituni na kugonganishwa kwa nguvu huku ngoma zikipigwa juu yake. Kati ya magari manne lilibaki moja. Tarehe 7 Agosti 2011, siku yake ya kila mwaka, walilitoa hilo moja.

Na wale wasiocheza wala kuimba?

Ndio wengi. Kwao jibu mara nyingi lilikuwa sindano.

Otsuchi ni mji mdogo wa wavuvi uliopoteza zaidi ya watu 1,200, meya wake akiwa miongoni mwao. Kwenye makazi ya dharura wanaume walikuwa na vifusi vya kuondoa. Wanawake wa makamo na bibi, waliozoea kupika, kulima bustani na kukausha samaki, hawakuwa hata na jiko. Mwaka huohuo wa 2011 vijana kutoka mjini walianza nao kazi ya sashiko, darizi ya mishono mifupi iliyonyooka ambayo nyumba za wakulima wa kaskazini zilitumia tangu zamani kukaza nguo zilizochakaa na kuzuia baridi. Ilichaguliwa kwa sababu za kawaida kabisa: haihitaji mashine, haihitaji meza, haipigi kelele, na inafanyika katika nafasi ya mkeka mmoja huku jirani amelala.

Walishona vitambaa vya kuwekea vikombe vyenye picha ya shakwe, ndege wa mji huo, kisha vitambaa vya jikoni na fulana. Kila kipande kililipwa. Malipo yenyewe hayakuwa makubwa, lakini mtu aliyekuwa akipokea tu tangu Machi alipata kitu cha kumnunulia mjukuu zawadi. Sashiko pia hulazimisha macho kutazama uzi. Ukihesabu mishono, kwa muda huo huhesabu kingine.

Je, ni kweli sanaa inatibu kiwewe?

Kuwa mwangalifu na anayekuambia hivyo kwa uhakika. Ngoma haiondoi ndoto mbaya za kila usiku, wala haimtoshi anayefikiria kujiua. Huyo anahitaji mtaalamu.

Mwongozo wa afya ya akili na msaada wa kijamii katika dharura uliotolewa 2007 na kamati ya pamoja ya mashirika ya kimataifa, IASC, unaweka mambo kwa ngazi. Chini kabisa ni usalama na mahitaji ya lazima, kisha jamii na familia kurudi kusimama, kisha msaada kwa wanaohitaji zaidi, na juu kabisa tiba ya wachache. Ibada na desturi za uponyaji za jamii husika zimetajwa humo kama jambo la kuwezeshwa. Ngoma na darizi zina kazi yake kwenye ngazi ya jamii. Anayezipandisha hadi kuwa hospitali anaziumiza, na anaumiza watu pia.

Zipo njia za katikati. Kasisi wa Kibuddha wa madhehebu ya Zen wa Miyagi, Kaneta Taio, alizunguka pwani na mkahawa wa kwenye gari aliouita Cafe de Monk. Kahawa na keki bure, muziki wa jazi taratibu, na udongo mezani. Manusura walifinyanga sanamu ndogo za Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, zinazokaa kwenye kiganja. Mtu akiwa anafinyanga haangaliwi usoni, kwa hiyo huanza kusema. Makasisi waliokaa pale kazi yao ilikuwa kusikiliza, na mahubiri yalikatazwa.

Fukushima ilikuwaje, ambako watu hawakuweza kurudi?

Huko ndiko kugumu zaidi kueleza. Ukedo ni kitongoji cha bahari katika mji wa Namie, kilomita chache tu kutoka mtambo wa nyuklia. Watoto waliokuwa shuleni walinusurika wote kwa kukimbilia Mlima Ohira. Asubuhi iliyofuata amri ya kuhama ikatoka, na utafutaji wa waliofunikwa na vifusi ukasimama. Ulianza tena baada ya takriban mwezi. Wazazi wa Ukedo wanaishi na jambo hilo.

Ukedo ina ngoma ya kupanda mpunga, inayochezwa na wasichana wadogo kila Februari kwenye sherehe ya hekalu la Kusano. Hekalu liliondoka, na mavazi yakaondoka. Watoto walikuwa wametawanyika mikoa mbalimbali. Hata hivyo Agosti 2011, mavazi mapya yakiwa yameshonwa, walikusanywa wakacheza mjini Iwaki, na baadaye kwenye makazi ya muda mbele ya wazee wa kwao. Mazoezi yalimaanisha wazazi kuendesha gari masaa mengi ili watoto waonane siku moja. Sehemu ya Namie ilifunguliwa tena mwisho wa Machi 2017, na Februari 2018 ngoma ikachezwa Ukedo penyewe, kwenye uwanja mtupu uliokuwa kijiji.

Kwa miaka yote ile kijiji kilikuwepo mahali palipochezwa ngoma ile tu, kwa muda wa ngoma ile. Ramani ilikuwa imekifuta.

Wafinyanzi wa Namie walikuwa na tatizo lao. Vyombo vya Obori Soma, vyenye farasi anayekimbia na rangi ya samawati iliyopasukapasuka kama barafu, hutegemea jiwe la eneo hilo kwa ajili ya rangi yake. Jiwe likawa limeingiwa na mionzi. Maabara ya mkoa ilitengeneza mchanganyiko mbadala, na wafinyanzi wakafungua tanuri miji mingine. Vikombe vinatoka, na wenyewe wanajua udongo si wa kwao.

Matamasha makubwa yanasaidia, au ni biashara ya utalii?

Yote mawili. Julai 2011 mjini Sendai miji mikuu ya mikoa sita ya Tohoku iliunganisha sherehe zao katika tamasha moja, Rokkonsai, kwa ajili ya waliokufa na kwa ajili ya kuinuka tena. Watu walifurika kuliko ilivyotarajiwa hata gwaride la siku ya kwanza likakatizwa njiani. Hoteli zilijaa, na miji ikaonyesha kuwa iko hai. Lilizunguka mikoa yote hadi 2016, kisha 2017 likazaliwa upya kwa jina la Tohoku Kizuna Matsuri. Kwa mvuvi wa Otsuchi aliye kwenye nyumba ya muda, Sendai ni mbali.

Mimi ni msanii na ninaishi Japani. Nataka kwenda kambini na ngoma zangu. Nianzie wapi?

Anza kwa simu, kwa kawaida baraza la ustawi wa jamii la mji husika, ambalo ndilo linaloratibu watu wa kujitolea. Wiki za mwanzo huenda ukaambiwa usije. Usije.

Ukikubaliwa, jitegemee: chakula chako, maji yako, mafuta ya gari, pa kulala. Watu wa kujitolea Japani hutarajiwa hivyo, na anayefika na kuuliza choo kiko wapi na chakula saa ngapi amekuwa mgeni wa ziada kwa watu wasio na nyumba. Ngoma kubwa usiipige ndani ya ukumbi wanamolala watu. Mngurumo wake unapita sakafuni, na mitetemeko midogo bado inaendelea. Mtoto aliyelala hatatofautisha. Piga nje, mchana, baada ya kutangaza. Mlango wa kuondokea uwe wazi, na asiyekuja usimwite. Usirekodi nyuso za watu. Kama huwezi kurudi mara ya pili, sema mapema.

Halafu fikiria kugeuza safari yako. Mtandao wa wachezaji wa ngoma za kisasa wa Japani, JCDN, ulifanya jambo ambalo kwangu ni bora kuliko matamasha yote ya hisani: uliwapeleka wachezaji Tohoku kwenda kujifunza. Wachezaji kutoka mijini, na baadaye wa nje ya nchi, walikaa na wazee wa shishi-odori na ngoma ya chui milia wakafundishwa hatua, wakakosea, wakakaripiwa. Kuanzia 2014 kazi hiyo ikakua kuwa tamasha la kimataifa la Sanriku, jina la pwani hiyo. Mzee aliyekuwa kwenye orodha ya wapokea misaada akawa mwalimu, na mwalimu hutengenezewa chai.

Baada ya tetemeko la Noto la 2024 mambo yalikwendaje?

Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024, ukubwa wa 7.6, lilipiga rasi yenye ufundi mwingi. Sehemu ya soko la asubuhi la Wajima iliteketea, na karakana za lakari za Wajima, yaani vyombo vya mbao vinavyopakwa utomvu wa mti, ambazo bakuli lake moja hupitia hatua zaidi ya mia, zikaharibika au kuungua. Mafundi walijengewa karakana za muda. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu fundi akikaa miaka mitatu mji mwingine, mchonga bakuli, mpakaji wa lakari na mpamba dhahabu hawakutani tena. Mji wa Ushitsu ulifanya sherehe yake ya Abare Julai ileile, ukibeba taa ndefu za kiriko katikati ya moto. Septemba mafuriko yakaja juu ya tetemeko.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo. Kazi ya sashiko ya Otsuchi iliendeshwa kwa miaka mingi na Terra Renaissance, shirika la Kyoto lililoanzishwa 2001. Shirika hilohilo hufanya kazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, na waliotekwa utotoni na waasi wa LRA, likiwafundisha ushonaji na useremala, na lina miradi Congo na Burundi pia.

Nikitembelea Tohoku, naruhusiwa kuhudhuria?

Sherehe za mitaani, ndiyo, karibu. Bon odori, ngoma ya Obon ya Agosti, huchezwa kwa duara na mgeni huingia bila mwaliko; mfuate aliye mbele yako. Jangara inapoingia nyumba iliyofiwa, baki barabarani na weka simu mfukoni. Ukitaka kuchangia kikundi, tia noti mpya kwenye bahasha ya sherehe, inauzwa duka lolote la vifaa vya ofisi, na uandike jina lako mbele. Baadhi ya vijiji hubandika ubaoni jina la kila aliyetoa pamoja na kiasi, kwa hiyo usishtuke ukikuta mtaa mzima umeshajua ulichotoa.